Saa ya Babu: Bei Huanzia Kwenye Mirathi

Mnunuzi wa chuma chakavu akifika Genkuru, kijiji kilicho jirani na mgodi wa North Mara, saa ya ukutani ya kutia ufunguo kwake ni kilo kadhaa za shaba na chuma. Anayetaka bei ya saa ana kazi tatu kabla ya kumkaribisha mnunuzi yeyote.

Kwanza, haki ya kuuza. Kwa desturi ya Wakurya, mali ya marehemu hufuata nyumba za wake zake. Ng'ombe hugawanyika; saa haigawanyiki, hivyo zigawanywe fedha zake. Kikao cha ukoo kipendekeze msimamizi wa mirathi, muhtasari upelekwe mahakama ya mwanzo, na atakayeteuliwa ndiye atie saini mauzo. Mnunuzi makini hatoi fedha kwa kitu ambacho kesho shangazi atakidai.

Pili, kuitambua. Alama hupigwa kwenye bamba la mashine, nyuma ya pendulo. Nyota ya pembe nane yenye herufi J ni ya Junghans wa Schramberg, Ujerumani, na saa yenye alama hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya 1890. Smiths Enfield ni ya Uingereza, miaka ya 1930 au baadaye. Matundu mawili ya ufunguo kwa kawaida huonyesha kwamba saa inagonga: moja huendesha mishale, jingine nyundo.

Tatu, kuonyesha kwamba inatembea. Itundike, usikilize. Mlio ukichechemea, sogeza sanduku kidogo kushoto au kulia mpaka tik na tak zilingane. Ikienda mbio, teremsha uzito wa pendulo kwa nati iliyo chini yake, ikichelewa, upandishe. Kisha irekodi kwa simu ikigonga saa kamili. Uso usisuguliwe kwa Brasso, maana tarakimu hufutika. Springi aiguse fundi saa tu. Ikifyatuka hukata vidole.

Wakati wa kusafirisha, toa pendulo: ukanda mwembamba wa chuma unaoishikilia hukatika kwa mtikiso. Picha na video zitangulie kwa wanunuzi wa Mwanza, Dar es Salaam na hata Nairobi, ili bei ishindaniwe.

Hati ya mauzo itaje alama, ufunguo na kila kasoro. Kasoro iliyotajwa hupunguza bei mara moja. Iliyofichwa huirudisha saa nyumbani pamoja na ugomvi.