Mwambao wa Tanganyika katika Vitabu vya Kijapani

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kigoma na Ujiji ni miji iliyopokea wageni wengi, na baadhi yao walikuwa watu wa kalamu. Burton na Speke waliingia Ujiji Februari 1858. Stanley alimkuta Livingstone papo hapo mwaka 1871. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, aliitaja Ujiji katika habari za maisha yake alizozitunga kwa Kiswahili. Maandishi ya Kiingereza ya wageni wale tumeyasoma, tumeyapima, na mara nyingi tumeyakanusha. Mwanafunzi wa leo aweza kumshika Burton kwa neno lake na kumdai ushahidi, kwa sababu lugha ya Burton anaijua.

Lakini liko kabati la pili la vitabu juu ya mwambao huo huo, na kwa wengi wetu kabati hilo limefungwa. Vitabu vyake vimeandikwa kwa Kijapani. Neno langu katika makala haya ni moja: masomo ya uzamili na uzamivu katika lugha na utamaduni wa Asia ya Mashariki si pambo la vyuo vikuu vyetu, wala si njia ya kutafutia biashara tu. Ni haja ya uhakiki wetu wenyewe, maana bila ya masomo hayo hatuwezi kuhukumu yaliyoandikwa juu yetu.

Tuanze na habari yenyewe. Mwaka 1958 Kinji Imanishi na Junichiro Itani walitoka Japani wakaja Afrika kutafuta mahali pa kuchunguza maisha ya nyani wakubwa. Mwaka 1961 safari za Wajapani zilifika mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1965 Toshisada Nishida, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Kyoto, alifungua kambi huko Kasoge, chini ya milima ya Mahale, yapata kilomita 120 kusini ya Kigoma. Baadaye alikuja Makoto Kakeya, ambaye hakufuata sokwe bali watu. Aliishi na Watongwe, akachunguza mashamba yao ya mihogo na mahindi, akajifunza uganga wao hata akaingizwa katika kazi hiyo kwa desturi zake. Mahale ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985.

Kaskazini ya Kigoma, huko Gombe, Jane Goodall alikuwa ameanza kazi kama hiyo mwaka 1960. Jina lake limeenea duniani kote, na watoto wa shule nchini Tanzania hulijua. Majina ya Nishida na Itani hayajulikani hivyo, ingawa kazi zao zilifanywa katika mkoa ule ule na wakati ule ule. Sokwe wa Gombe walipewa majina kama Flo na David Greybeard. Sokwe wa Mahale waliitwa Kasonta, Sobongo, Kamemanfu, Ntologi na Kalunde. Ni jambo la kustaajabisha kwamba masimulizi ambayo mashujaa wake wana majina yanayokaa vizuri katika kinywa cha Mbantu ndiyo yaliyo mbali zaidi na msomaji wa Kibantu.

Yamkini msomaji atapinga kwa kusema: Wajapani hao waliandika kwa Kiingereza pia, basi kuna haja gani ya kuhangaika? Ni kweli waliandika. Makala ya Nishida ya mwaka 1968 juu ya makundi ya sokwe wa Mahale yako kwa Kiingereza, na ya Kakeya ya mwaka 1976 juu ya maisha ya Watongwe vile vile. Walakini makala ya sayansi ni kama mtumbwi: hubeba mzigo uliopimwa, na mengine huachwa ufukoni. Nasaba ya mawazo yao ilibaki nyumbani. Mwaka 1941 Imanishi alitoa kitabu kidogo kiitwacho Seibutsu no Sekai, yaani Ulimwengu wa Viumbe Hai. Humo alifundisha kwamba kila aina ya kiumbe ina jamii yake. Wazo hilo ndilo lililowafanya wanafunzi wake wamtafute kila mnyama kwa jina, na wakiulize kila kikundi desturi zake. Kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 2002. Basi msomaji wa Kigoma aliyetegemea Kiingereza peke yake alingoja miaka 61 kabla ya kuuona mzizi wa mti uliokuwa umeota mlangoni pake.

Tena kuna mambo ambayo hata tafsiri njema ya Kiingereza haiwezi kutufanyia. Mwaka 1973 Nishida alichapisha kitabu cha Kijapani juu ya sokwe wa Mahale, akakiita Seirei no Kodomotachi. Neno la pili kubwa ni rahisi: ni watoto. Neno la kwanza, seirei, ndilo lenye mashaka. Mwingereza husema spirit, na mfasiri wetu akianzia hapo atajikuta njia panda: aseme roho, au pepo, au jini? Roho inavuta mawazo kuelekea kanisani na msikitini. Jini lilitufikia pamoja na Uarabu. Pepo humpanda mtu kichwani, akahitaji kupungwa.

Sasa mfasiri na aziangalie alama zenyewe za Kijapani. Seirei huandikwa kwa alama mbili, ya kwanza ya kiini au usafi wa kitu, ya pili ya roho. Zikisomwa seirei, ni nguvu zisizoonekana zikaazo mitini, mtoni na mlimani. Lakini alama hizo hizo, bila ya kubadilika hata mstari mmoja, husomwa pia shōryō, na hapo maana yake ni roho za wazee waliokufa, ambazo Wajapani wa dini ya Buddha huzipokea nyumbani katika sikukuu ya Bon, kisha wakazisindikiza kurudi zitokako. Mwandiko mmoja umebeba mlima na marehemu kwa pamoja.

Je, Kiswahili hakina neno la namna hiyo? Kinalo, nalo ni mzimu. Mzimu ni roho ya mzee aliyekufa; mzimu tena ni mahali, penye mbuyu, pango au jabali, ambapo watu hupeleka sadaka. Kwa hiyo kitabu kile kwa Kiswahili chastahili kuitwa Watoto wa Mizimu, na tafsiri hiyo yakaribia asili kuliko ya Kiingereza. Hata hivyo hukumu hii ni ya jina tu. Kama mwandishi alikusudia imani za Watongwe, au za kwao, au zote mbili, ni lazima kitabu kizima kisomwe kwa lugha yake, na msomaji awe anazijua sikukuu za wafu za Japani kama anavyozijua tambiko za Mahale. Maarifa hayo hayapatikani kwa miezi sita ya kujifunza salamu.

Mfano wa pili una uzito zaidi, kwa kuwa unagusa ardhi. Mwaka 1977 Itani alitoa kitabu kiitwacho Chinpanjī no Gen'ya. Gen'ya ni nchi pana isiyolimwa. Tuseme nyika, mbuga, au pori? Tukisema pori, tumesema kwamba hapana mwenyewe. Nako katikati ya miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, Watongwe wa Mahale walikuwa wamehamishwa kutoka makazi yao, na mashamba yao yakaachiwa miti. Sisemi kwamba mwandishi alikosa. Nasema kwamba mfasiri asiyejua kupambanua neno lile aweza kuwanyang'anya watu nchi yao mara ya pili, safari hii kwa kalamu. Hapo ndipo uhakiki unapokuwa amana, si mchezo.

Gharama ya elimu hii isifichwe. Kijapani kina hati mbili za silabi, na juu yake orodha rasmi ya alama 2,136 za matumizi ya kawaida iliyotangazwa mwaka 2010. Maandishi ya kale yanadai Kichina cha kale pia. Lakini sikio la Mswahili halianzi mikono mitupu. Silabi za Kijapani, kama zetu, karibu zote huishia kwa irabu, na maneno ya kigeni huvalishwa irabu kule kama huku: sisi husema basi na glasi, wao husema basu na gurasu. Ila hati yao haitofautishi l na r, na kwa hiyo anayesoma Mahale au Kalunde katika hati hiyo lazima ajue jina la asili, asije akaliandika upya kwa makosa. Mwenyeji wa mwambao ndiye awezaye kulisahihisha.

Wenzetu walikwisha kutambua faida ya safari hii kwa upande wao. Redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Huko Osaka Kiswahili kinafundishwa chuo kikuu, na watafiti wa Mahale walizungumza na wasaidizi wao kwa Kiswahili. Kwetu, Taasisi za Confucius zilifunguliwa Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2013, nazo zimewafundisha wengi Kichina cha mazungumzo na cha kazi. Hilo ni jema. Lakini kujua kununua na kuuza ni ukumbi tu wa nyumba. Vitabu vimo chumbani. Anayeingia chumbani ni yule aliyesoma mpaka akaweza kubishana na mwandishi katika lugha ya mwandishi.

Kakeya aliona kwamba jamaa za Watongwe hulima kadiri ya kuwatosha kwa mwaka, na sehemu kubwa ya chakula hicho huliwa na wageni, wala mwenye kujilimbikizia hukosi kuogopa husuda ya wenziwe. Wageni hao wa Kyoto nao walilishwa katika desturi hiyo. Walikula, wakaona, wakaandika. Mgeni amekuja, kupona kwa mwenyeji kumebakia katika kusoma alichoandikiwa. Na aende basi kijana wa Ujiji au wa Kasoge akasome Kyoto, Osaka au Beijing, si kwa kuwa kule kuna ajabu kuliko kwetu, bali kwa kuwa huko ziko karatasi zenye majina ya milima yetu, na hazijapata bado kusomwa kwa sauti na mtu wa milima hiyo.