Kaunta buku ya fundi

Lori linaloondoka Tunduma kwenda Dar es Salaam hupanda mizani pale Mpemba, na uzito ukizidi hakuna maneno matamu yatakayoupunguza. Nilikuwa nikiikumbuka mizani ile kila nilipomtazama fundi wetu akipima kanzidata, katika ofisi ya uwakala wa forodha nilikokuwa karani.

Seva yetu ilikuwa kompyuta ndogo iliyokaa kwenye rafu ya mafaili. Toleo jipya la MySQL, programu ya kanzidata yetu, likitoka, fundi hakuliweka siku hiyo. Alisubiri wateja waondoke, akanakili rekodi zote kwenye mashine nyingine ya aina hiyohiyo, akapima toleo la zamani, kisha jipya: data ileile, mipangilio ileile. Prosesa aliizuia isijiongezee kasi, maana ikipata joto hupunguza mwendo, nawe utakuwa umepima joto, si programu. Mzunguko wa kwanza aliutupa. “Huo usiuhesabu, kaka. Mashine bado haijachangamka.” Kisha akarudia mara tano. Majibu yakipishana sana hakuandika kitu. Usiku mmoja aligundua kazi ya kuhifadhi nakala imejiwasha yenyewe katikati ya kipimo. Akaizima, akaanza upya, nami nikachemsha chai ya pili.

Huko Marekani, Mark Callaghan, aliyewahi kufanya kazi Google na Facebook, amepima hivyo kwa miaka mingi, naye kwenye mashine ndogo. Alionyesha kwamba kwa maswali mepesi ya mtumiaji mmoja, MySQL 8.0 ya 2018 huichosha prosesa kuliko 5.6 ya 2013. Penye watumiaji wengi kwa pamoja, maboresho mengine hulifunika hilo. Kwa karani mmoja anayetafuta namba ya lori, halifichiki.

Siku hizi tangazo la toleo jipya likitokea, kidole kimeshabonyeza. Ofisi ikizorota, unalaumiwa mtandao, unalaumiwa umeme. Najua MySQL 5.7 ilipoacha kuhudumiwa Oktoba 2023, kuhama kulikuwa lazima. Lakini anayehama nyumba hukagua paa kwanza.

Fundi alipoondoka aliniachia kaunta buku lake: tarehe, toleo, majibu matano kwa kalamu ya bluu, na pembeni, kwa penseli, “feni ilikuwa na vumbi, rudia.” Nililipeleka kwa kijana aliyempokea kazi. Alilifungua, akaniuliza kwa heshima zote kama ni la mahudhurio.