Halmashauri ikusanye, wenye maduka waamue

Mtu akisikia kwamba halmashauri inaunga mkono mradi wa wafanyabiashara wa katikati ya mji, swali lake la kwanza ni: imetoa kiasi gani? Kwa yale yanayoitwa maeneo ya uboreshaji wa biashara nchini Uingereza, swali hilo halifiki mbali, maana fedha nyingi hutoka kwa wenye maduka wenyewe. Halmashauri hutoa mambo yasiyo na mvuto: orodha ya walipakodi, uwezo wa kisheria wa kudai, usimamizi wa kura, na karatasi moja ya ahadi. Ukitaka kujua mradi umeshikwa vizuri au vibaya, anza na karatasi hiyo.

Wazo lilianzia Toronto mwaka 1970, mtaa wa Bloor West Village. England ililiingiza kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2003, kanuni zikafuata 2004, na Januari 2005 Kingston upon Thames, mji wa soko la kale kusini magharibi mwa London, ukawa wa kwanza kuanza. Leo Uingereza na Ireland zina maeneo ya aina hii zaidi ya 300.

Utaratibu wenyewe ni huu. Wafanyabiashara huchora mpaka, huandika mpango usiozidi miaka mitano, kisha hupiga kura. Mpango ukipita, kila biashara iliyotajwa ndani ya mpaka hulipa tozo, hata ile iliyopiga kura ya hapana. Kiwango kilichozoeleka ni asilimia 1 au zaidi kidogo ya thamani ya kukokotolea kodi, yaani makadirio ya pango la mwaka yanayofanywa na wathamini wa serikali. Duka lililokadiriwa pauni 30,000 litadaiwa pauni 300 kwa mwaka. Zikikusanywa za maduka mamia kadhaa, zinatosha kuajiri walinzi wa mitaani, kuosha barabara za waenda kwa miguu na kufunga taa za sikukuu.

Kwa nini isiwe hiari? Nairobi iliwahi kuijaribu njia hiyo: chama cha wafanyabiashara wa katikati ya jiji, NCBDA, kilichoanza miaka ya 1990, kilitegemea wanachama wa kujiunga kwa hiari. Tatizo la mchango wa hiari linajulikana kila mahali. Taa ikiwekwa mtaani humulika hata mlango wa yule aliyejificha siku ya kuchanga, na mwaka wa pili waliochanga huanza kuhesabiana. Cape Town ilichukua njia ya lazima mwaka 2000, ila kule anayetozwa ni mwenye jengo. England hutoza anayelitumia jengo, kwa kawaida mpangaji. Hapo mimi nina shaka: mtaa ukipendeza pango hupanda, na aliyelipia kuupendezesha ndiye anayepandishiwa.

Kazi ya kwanza ya halmashauri, basi, ni orodha. Hiyo ndiyo yenye daftari la kodi za biashara, na bila hilo hakuna anayejua nani ana haki ya kupiga kura. Daftari hilo halikai safi. Duka la viatu limekuwa la simu, kampuni iliyoandikwa imefilisika, na tawi la kampuni kubwa lina anwani ya makao makuu yaliyo mji mwingine. Kura hupigwa kwa posta, na karatasi hutumwa siku zisizopungua 28 kabla ya siku ya mwisho. Bahasha isiyo na jina la mhusika huishia chini ya kaunta pamoja na vipeperushi vya pitsa. Meneja wa tawi akiifungua, huenda asiwe na mamlaka ya kuijaza. Ndiyo maana waandaaji makini hupita mlango kwa mlango miezi kadhaa kabla, wakiuliza swali moja tu: hapa kwenu nani anatia saini?

Kushinda kunahitaji wingi wa aina mbili kwa pamoja: zaidi ya nusu ya waliopiga kura kwa idadi, na zaidi ya nusu kwa thamani ya majengo yao. Tuseme 130 kati ya wapiga kura 200 wamekubali, lakini majengo yao kwa jumla yana thamani ya pauni milioni 6 na ya waliokataa milioni 7. Mpango umeanguka. Wadogo hawawezi kuwabebesha wakubwa mzigo, wala wakubwa wachache hawawezi kuwaburuza wadogo. Scotland imeongeza sharti la ushiriki wa wapiga kura wa asilimia 25. England haina kiwango cha chini, na huo ni upungufu.

Halmashauri nayo hupiga kura, kwani ukumbi wa mji, maktaba na maegesho ya magari yaliyo ndani ya mpaka ni majengo yanayolipiwa kodi. Kila jengo lina kura yake. Taasisi hiyo hiyo ndiyo inayosimamia kura, na ina turufu ya kuukataa mpango unaopingana na sera zake au unaowabebesha wachache mzigo kupita kiasi. Kofia tatu kichwa kimoja. Halmashauri inayojiheshimu hupitisha uamuzi wa kura zake hadharani, kwenye kikao chenye kumbukumbu, mapema kabla bahasha hazijatumwa.

Kura ikipita, halmashauri inakusanya tozo na kuiweka kwenye akaunti ya peke yake ambayo sheria hairuhusu ichanganywe na mfuko mkuu. Sehemu hii imekaa vizuri na sina la kuongeza.

Turudi kwenye karatasi ya ahadi. Kanuni zinataka mpango ueleze huduma ambazo halmashauri inazitoa tayari katika eneo hilo. Lengo ni kwamba tozo ilipie nyongeza, isije ikajaza pengo. Ila sheria inadai huduma hizo zielezwe, haidai zisipungue. Mwandishi mvivu ataandika kwamba halmashauri "itaendelea kusafisha mitaa kadiri rasilimali zitakavyoruhusu", na sentensi hiyo haimfungi mtu. Mwandishi makini ataandika mtaa gani unafagiliwa mara ngapi kwa siku, kuanzia saa ngapi, mapipa mangapi humwagwa Jumapili, na taa iliyozimika itengenezwe ndani ya siku ngapi. Baada ya 2010, bajeti za halmashauri za England zilipokatwa mwaka hadi mwaka, tofauti ya maandishi hayo mawili ikawa fedha taslimu: fagio la alfajiri likiondolewa kimyakimya, wenye maduka wanajikuta wakilipia mara ya pili kazi iliyokuwa ndani ya kodi yao.

Kura ya kuendelea, inayopigwa miaka mitano ikiisha, haiponyi hilo. Maduka yakikasirika na kukataa kuendelea, kinachofungwa ni kampuni inayoendesha mradi wa eneo na walinzi wake, na halmashauri iliyopunguza huduma haipotezi kitu. Ningependa ratiba ya huduma, pamoja na kilichotekelezwa mwaka uliopita, ichapishwe nyuma ya hati ya madai ya tozo. Hati hiyo halmashauri huituma kila mwaka hata hivyo, na gharama ya wino ni ndogo.