Furaha na Tabia katika Mafundisho ya Jonathan Edwards

Kitabu cha Jonathan Edwards juu ya maono ya moyo katika dini kilitolewa Boston mwaka 1746, uamsho mkuu uliotikisa makanisa ya New England ulipokuwa umekwisha poa. Asili yake ni mahubiri, na msingi wake ni aya moja tu, Waraka wa Kwanza wa Petro 1:8, itajayo furaha ipitayo maneno.

Wakati ule wachungaji walikuwa wamegawanyika. Wengine waliyaona machozi na vilio kuwa ushahidi wa Roho. Wengine, kama Charles Chauncy wa Boston, waliona humo fujo na upotovu. Edwards hakuridhika na upande wo wote. Alitenga maono ya moyo, ambayo kwake ni mwendo wenye nguvu wa nia yenyewe, na harara imzukiayo mtu ghafula na kumtawala. Mfasiri wa Kiswahili hupata taabu hapa, kwa kuwa neno "moyo" huchukua nia na hisia pamoja. Lakini taabu hiyo ina faida yake, maana Edwards naye alishikilia kwamba apendaye na akusudiaye ni mtu mmoja.

Juu ya furaha hukumu yake ni kali. Mnafiki huifurahia furaha yake mwenyewe. Mcha Mungu humfurahia Mungu kwanza, na furaha yake hutoka huko.

Katika alama zake 12 za maono ya kweli, ya saba ni kugeuzwa kwa tabia. Waswahili husema tabia ni ngozi. Edwards angekubali kwamba mtu hawezi kujivua mwenyewe, wala asingekubali kwamba Mungu hawezi kumvua. Alama ya mwisho, aliyoieleza kwa urefu kuliko zote, ni matendo.

Hapo ndipo kitabu kinapomgeukia mwandishi wake. Mwaka 1731 Edwards alinunua msichana mtumwa mjini Newport, na baadaye alikuwa na watumwa wengine. Si lazima kwa hiyo kipimo chake kiwe kibovu. Mizani haiharibiki kwa kuwa mwenyewe hakupimwa. Lakini upungufu waonekana: mtu ajichunguzaye moyoni huona kwa urahisi dhambi iliyo yake peke yake, asiione iliyo desturi ya mji mzima. Furaha isiyomwona mtumwa aliyemo nyumbani yahitaji kupimwa upya, na kwa kanuni ya Edwards mwenyewe.