Nani Hulipa Bei ya Damu?

Mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa nchini Marekani mwaka 1974, hauna mshindi. Watu wachache huketi mezani. Mmoja wao huusimamia mchezo kwa kusimulia ulimwengu na yanayotokea ndani yake. Waliobaki kila mmoja humchukua mhusika wake, na jambo likiwa na mashaka hukatwa kwa dadu. Mhusika huwa wa aina fulani, kama vile mpiganaji, mchawi au kasisi, na aina hiyo ndiyo inayosema anaweza nini. Wachezaji wengi, baada ya kuzizoea aina za vitabuni, hutamani kubuni ya kwao. Tamaa hiyo siilaumu. Lakini anayejibunia aina ni sawa na mtu aliyepewa kisu ajikatie nyama ya shughuli mwenyewe: hata akiwa mwadilifu, wenzake watautazama mkono wake.

Hivyo swali la mizani haliepukiki. Mchezo wa zamani ulilijibu kwa njia ya muda. Katika sheria za Basic za 1981, mwizi alihitaji pointi za uzoefu 1,200 kufika ngazi ya pili, mpiganaji 2,000 na mchawi 2,500. Mchawi alianza safari na uganga mmoja tu kwa siku, na uhai wake ulipimwa kwa dadu ya pande nne. Lakini akifika ngazi ya tano aliweza kurusha mpira wa moto uliounguza kundi zima la maadui. Aliyevumilia alikuja kula mbivu. Kasoro ya mpango huo ni wazi: aliyekufa katika ngazi ya kwanza hakulipwa chochote. Toleo la tatu, mwaka 2000, liliwapandisha wote kwa idadi moja ya pointi. Tangu hapo mizani inatakiwa ikae sawa katika kila ngazi, na kazi ya mbunifu wa nyumbani imekuwa ngumu zaidi.

Mfano ninaotaka kuuchambua ni Blood Hunter, yaani mwindaji wa damu, wa Matthew Mercer. Mwaka 2015 Mercer alimtengenezea mwigizaji Vin Diesel mwindaji wa wachawi, katika mchezo uliokwenda sambamba na filamu ya The Last Witch Hunter. Kutokana na mbegu hiyo ikaota aina kamili, na hapa nalizungumzia toleo lake la 2020. Wazo lake linavutia: mtu huyu hupata nguvu kwa kuumwaga uhai wake mwenyewe. Kuanzia ngazi ya pili huweza kuitia silaha yake damu. Hurusha dadu ya pande nne, hupoteza pointi za uhai kadiri ya dadu ilivyosema, na tangu hapo kila pigo linalompata adui huongezewa dadu kama hiyo mpaka atakapopumzika.

Tupige hesabu. Wastani wa dadu hiyo ni 2.5. Tumchukue mhusika mwenye pointi 20 za uhai, anayepiga mara moja kila zamu na kupata mara sita katika kumi. Katika pambano la zamu tatu atakuwa ameongeza madhara 4.5, akipigana mapambano mawili kabla ya kupumzika, ameongeza 9. Ametoa mbili na nusu, amevuna tisa. Je, huku ni kupindukia? Sidhani. Barbarian wa toleo la 2014, katika ngazi hiyo hiyo, huongeza 2 kwa kila pigo anapopandwa na hasira, mara mbili tu kwa siku, lakini wakati huo huo madhara ya silaha yanayompata hukatwa nusu. Kwa tarakimu tupu, Mercer hakuivunja mizani.

Tatizo langu liko kwingine. Tumezoea kuuliza kama fani ya kazi inachukuana na maudhui yake, na hapa hazichukuani. Maudhui yanasema: huyu anajiua polepole ili wengine waishi. Fani inasema: huyu amenunua bidhaa kwa bei nafuu. Katika mchezo huu mwenye pointi 1 ya uhai hupiga kwa nguvu ile ile ya mwenye 20. Damu ni sarafu isiyouma mpaka ile ya mwisho.

Wapo watakaosema, basi bei ipandishwe. Hapo ndipo penye mtego. Uhai uliopotea hurudishwa na kasisi, kwa uganga ambao angeutumia kwa jambo jingine. Ukipandisha bei, sifa za kujitoa mhanga anazipata mwindaji, na anayelipa ni kasisi, ambaye zamu zake zinaishia kumfunga vidonda mtu aliyejikata kwa hiari. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mbunifu aliyeitazama aina yake peke yake hawezi kuliona hilo, maana katika karatasi yake hesabu zimelingana.

Mimi ningeacha bei ilivyo, ila ningeongeza sharti moja: uhai uliotolewa kwa hiari usirudishwe kwa uganga wa mtu yeyote mpaka mhusika alale usiku mzima. Pointi zile mbili tatu zingekuwa pengo ambalo mwenyewe anatembea nalo, na akirudia tendo lile baada ya kila pumziko, pengo lingepanuka. Kisha ningelijaribu sharti hilo mikutano mitatu bila kugusa jambo jingine, maana anayebadilisha mambo mawili kwa pamoja hajui ni lipi lililomsaidia.

Basi, mtu akikuletea aina aliyoibuni, usikomee kumuuliza inaleta madhara kiasi gani. Muulize bei yake ni nini, halafu muulize ni nani mezani atakayeilipa. Kama si yeye, aina hiyo bado haijakamilika.