Injini Inapogonga

Fundi hodari wa magari ya zamani husifiwa kwa sikio lake, kana kwamba alizaliwa nalo na ufundi ukaishia hapo. Sifa hiyo inampunja. Sikio hudanganywa kirahisi, kwa sababu chuma husafirisha sauti: kinachogonga chini kwenye kranki shafti husikika juu kwenye kifuniko cha vali, na pampu ya petroli iliyochakaa huweza kumtia mwenye gari hofu ya injini nzima. Anayestahili kusifiwa Katwe, huko tarafa ya Makindye jijini Kampala, ambako wafua vyuma na makanika wamejaa tangu zamani, ni fundi anayekataa kuliamini sikio lake mpaka alipe mtihani.

Tuchukue Peugeot 404, iliyoingia sokoni mwaka 1960 na kushinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Silinda zake nne zimelazwa kwa nyuzi 45, wala hakuna kompyuta ya kuulizwa. Swali la kwanza ni lini inagonga. Ikitoa mlio mwembamba, mkavu, inapopanda kutoka Kibuye kuelekea kilima cha Makindye kwa gia kubwa, na ukakoma mara mguu unapoachia mafuta, shaka inaangukia uchomaji: sehemu ya mchanganyiko wa petroli na hewa inalipuka yenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia. Lakini shaka si jibu. Fundi anazungusha distribyuta kidogo ili cheche ichelewe, kisha anapanda mlima uleule, kwa gia ileile. Mlio ukitoweka, hakuna sababu ya kufungua injini. Kilichobaki ni kuchunguza masizi, joto na aina ya petroli. Tatizo hili ndilo lililomfanya Thomas Midgley wa Marekani agundue mwaka 1921 kwamba madini ya risasi katika petroli huutuliza mlio. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo kufikia mwisho wa 2005, na ilifanya vyema kabisa, maana risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Tena Kampala, iliyo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi inayopunguza ulipukaji huo. Gari lililotegwa cheche ya mapema likawa kimya Makindye linaweza kugonga likifika Mombasa.

Mlio usiposikia habari ya cheche, uchunguzi unashuka ndani zaidi. Injini ikiwa imetulia kwenye slensa, fundi anachomoa waya wa plagi moja, anaurudisha, anachomoa wa pili. Silinda ikinyimwa moto, pistoni haisukumwi tena kwa nguvu. Kwa hiyo kama beringi ya konrodi yake imelegea, mlio unafifia pale pale. Kama haubadiliki kwa silinda yoyote na unakwenda nusu ya mwendo wa kranki, tapeti ndizo za kutazamwa kwanza, kwani kemshafti huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda, kwa upande wake, hupiga kelele asubuhi na kunyamaza injini ikipata moto, jambo ambalo beringi mbovu haifanyi: oili ikipata joto na kuwa nyepesi, beringi hiyo huzidi kulia. Kila hatua inaweza kumwambia fundi kwamba amekosea, na hapo ndipo ninapouona ukuu wa kazi hii.

Wapo watakaosema kihisio cha gari la kisasa kinayamaliza haya. Kihisio hicho kimetengenezwa kunasa mlipuko usiofaa na kuiambia kompyuta icheleweshe cheche. Hakikutengenezwa kutaja beringi ya silinda ya tatu. Hoja nzito zaidi ni ya pesa: kwa nini usitie injini iliyotumika kutoka Japani, yaishe? Kwa teksi ya kila siku huenda ni sawa. Ila uamuzi huo nao unahitaji utambuzi kwanza, maana ni hasara kutupa injini iliyokuwa ikidai distribyuta isogezwe kidogo tu. Na iwapo kweli ni beringi, kuijua mapema kunamruhusu fundi kufungua sampu na kubadilisha vipande viwili vyembamba vya chuma, shingo ya kranki ikiwa bado laini na ya mviringo. Akichelewa, kranki itahitaji kuchongwa, au konrodi itakatika na kutoboa bloku.