Picha ya Kupendeza na Picha ya Kuaminiwa

Mtu akiingia katika karakana ya seremala akauliza, "Chombo gani hapa ni bora kuliko vyote?" seremala hana jibu la kumpa. Msumeno ni bora kwa kukata, randa ni bora kwa kulainisha, na nyundo ni bora kwa kupigilia misumari. Kila kimoja kikitiwa katika kazi ya mwenzake huharibu mbao na kumchosha mwenye kukitumia. Swali kama hilo ndilo liulizwalo siku hizi na vijana wengi juu ya mitambo ya akili unde ichorayo picha. Huulizwa mtambo upi ni bora, na majibu huwa mengi kama walivyo wengi wenye kujibu. Makala haya yataka kuonyesha kwamba swali hilo halina jibu mpaka jingine litangulie, nalo ni hili: picha itakiwayo ni ya kupendeza au ni ya kuaminiwa?

Kwanza yafaa tujue mitambo hii hufanyaje kazi, maana mhakiki asiyejua namna kitu kilivyotengenezwa hukisifu au hukilaumu kwa kubahatisha. Katika namna iliyoenea zaidi, mtambo hupewa mamilioni ya picha, kila moja pamoja na maneno yaielezayo. Kila picha huchafuliwa kidogo kidogo kwa chembe mfano wa vumbi, mpaka isionekane tena. Na mtambo hufundishwa kuliondoa vumbi lile hatua kwa hatua. Ukisha kuhitimu, hupewa vumbi tupu na maneno ya mtu atakaye picha, nao hupangusa na kupangusa mpaka kitu kifananacho na maneno yale kitokee. Hiyo ndiyo kusema kwamba mtambo haujapata kuona mnazi wala kivuli chake. Umeona picha za minazi. Hautuambii lililotokea, bali hutuonyesha lile ambalo watu wamezoea kulichora na kulipiga picha. Msomaji alishike neno hili, kwani yote yafuatayo yamejengwa juu yake.

Mitambo hii haikuja siku moja. DALL·E, wa kampuni ya OpenAI ya Marekani, ulitangazwa Januari 2021, na wa pili wake Aprili 2022. Midjourney ulifunguliwa kwa watu wengi Julai 2022, na Stable Diffusion ukatolewa Agosti mwaka huohuo. Firefly wa kampuni ya Adobe ulifuata Machi 2023, na Flux, uliotengenezwa Ujerumani na watu ambao baadhi yao walishiriki kuunda Stable Diffusion, ulitokea Agosti 2024. Kila mmoja ulizaliwa na tabia yake. Midjourney ulijulikana kwa mapambo: mtu aliupa maneno matatu, nao ukamrudishia mwanga wa jioni, mavazi ya fahari na mawingu yaliyopangika. Hiyo ni sifa yake, na papo hapo ni ila yake, kwa kuwa mpishi atiaye viungo vilevile katika kila chungu hupika vyakula vingi vyenye ladha moja. DALL·E wa tatu, uliotoka mwaka 2023, ulisifiwa kwa utii: maelezo marefu uliyafuata vizuri kuliko waliotangulia. Stable Diffusion ulitolewa bure, hata mwenye kompyuta yenye nguvu aweza kuuendesha nyumbani mwake na kuufundisha mtindo wake mwenyewe. Lakini wataka subira. Firefly, kwa maneno ya wenyewe, ulifundishwa kwa picha zilizomo katika hazina ya Adobe, zile zenye idhini ya wazi, na zile ambazo haki zake zimekwisha muda. Basi hupendwa na wale waogopao kushtakiwa.

Sasa tuzitazame kazi tatu zilizoletwa mbele ya waamuzi, tuone zatufundisha nini.

Kazi ya kwanza ni ya Mmarekani Jason Allen, iitwayo Théâtre D'opéra Spatial. Mwaka 2022 ilipata nafasi ya kwanza katika sehemu ya sanaa ya kompyuta kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado, na zawadi yake ilikuwa dola 300. Tukiitazama, twaona ukumbi mkubwa wenye giza la dhahabu, wanawake waliovaa majoho mazito wametupa migongo, na mbele yao dirisha kubwa la mviringo lifungukalo juu ya nchi yenye nuru. Jicho huvutwa kutoka gizani kwenda mwangani, na hapo nguvu ya picha ilipo. Udhaifu wake ni kwamba jicho likisha kufika pale dirishani halioni la kufanya: nyuso hazisomeki, na mapambo yajaa bila kueleza jambo. Hata hivyo kazi hii haikumhadaa mtazamaji. Hakuna aliyeitazama akadhani kwamba mahali hapo papo duniani. Allen aliipeleka kwa jina la Midjourney pamoja na jina lake. Na ijapokuwa wawili katika waamuzi walisema hawakujua kwamba Midjourney ni akili unde, walisema pia kwamba wangalimpa ushindi vilevile. Alieleza kwamba alibadili maagizo yake mara zisizopungua 624, kisha akairekebisha picha kwa programu nyingine. Walakini ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa kuiandikisha mnamo Septemba 2023, kwa sababu alikataa kuiacha nje ile sehemu iliyofanywa na mtambo.

Kazi ya pili ni ya Mjerumani Boris Eldagsen, mpiga picha mwenye ujuzi wa miaka mingi. Aliiita Pseudomnesia: The Electrician, na neno lile la kwanza maana yake ni kumbukumbu ya uongo. Ni picha ya weusi na weupe, mfano wa zile zilizopigwa miaka ya 1940: mwanamke mmoja amejificha nyuma ya mwenzake aliye kijana zaidi, na mkono wa mtu asiyeonekana umenyooshwa kuwafikia. Ilitengenezwa kwa DALL·E 2. Mwaka 2023 ilishinda katika sehemu moja ya mashindano ya picha ya Sony World Photography Awards, na Aprili mwaka huo Eldagsen aliikataa zawadi, akisema kwamba picha ya akili unde na picha ya kamera ni vitu viwili visivyofaa kushindana katika uwanja mmoja. Kwa sanaa, picha hii ni bora kuliko ile ya kwanza. Haina mapambo mengi, lakini hutufanya tuulize: mkono ule ni wa nani? Wanawake hawa waogopa nini? Lakini kwa ukweli ni ya hatari zaidi, kwa kuwa hutuhuzunisha kwa ajili ya watu ambao hawakupata kuishi. Mwenyewe alilijua hilo, akaliandika katika jina la kazi yake.

Kazi ya tatu ni kinyume cha hizo. Mwaka 2024 Miles Astray aliingiza picha ya heroe, ndege wa jamii ya wale waonekanao ziwani Nakuru, katika sehemu ya akili unde ya mashindano yaitwayo 1839 Awards. Ndege yule alionekana kama hana kichwa: kiwiliwili cha waridi juu ya miguu miwili myembamba. Picha ikapata nafasi ya tatu kwa waamuzi na ya kwanza kwa kura za watu. Ndipo mwenyewe alipofichua kwamba ni picha ya kamera, ya ndege hai aliyeinamisha kichwa kujikuna tumboni. Aliondolewa katika mashindano kwa haki, naye hakulalamika. Somo lake ni kwamba jicho peke yake haliwezi tena kuamua. Mungu aliumba ajabu ambazo mtambo haukuagizwa kuziwaza.

Tukizipanga kazi tatu hizi pamoja, twaona kwamba kilichotofautisha heshima yao si ubora wa chombo. Ni ahadi ambayo kila picha ilimpa mtazamaji. Mchoro humwambia, "Nilidhani hivi." Picha mfano wa kamera humwambia, "Jambo hili lilikuwapo." Mwenye kuchagua mtambo huchagua pia ahadi, na mwenye kutoa ahadi hudaiwa.

Yamkini mtu atasema kwamba kamera nayo husema uongo, na kwamba lawama hii si mpya. Ni kweli. Mwaka 1917 wasichana wawili wa Cottingley, Uingereza, walipiga picha za vijimalaika vya karatasi, na watu wazima wenye elimu wakasadiki. Ukweli haukukiriwa mpaka mwaka 1983. Lakini hata katika uongo ule palikuwa na mtoto wa kweli, karatasi ya kweli na kijani cha kweli, na nuru iliyogusa vitu hivyo ndiyo iliyoingia katika kamera. Mchunguzi alikuwa na pa kuanzia. Katika picha ya mtambo hakuna kilichoguswa na nuru, na mchunguzi hushika upepo. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa hata kipande cha mti hakipo.

Wala mtu asidhani kwamba atasalimika kwa kuchagua mtambo wenye sifa ya ndoto. Machi 2023 picha ya Papa Fransisko amevaa koti jeupe kubwa lililofura ilienea ulimwenguni, na wengi wakaiamini. Ilitengenezwa kwa Midjourney, mtambo uleule uliosifiwa kwa mapambo. Tabia za mitambo hubadilika kwa miezi michache. Kwa hivi orodha ya kuipanga kwa ubora huchakaa kabla wino wake haujakauka. Lisilochakaa ni swali la kazi na ahadi.

Liko jambo jingine lituhusulo sisi hasa. Waundaji wa Stable Diffusion waliandika wenyewe, katika maelezo ya matoleo ya kwanza, kwamba mtambo wao ulifundishwa hasa kwa maneno ya Kiingereza, kwamba haungefanya vizuri kwa lugha nyingine, na kwamba desturi za watu weupe na za nchi za Magharibi ndizo mara nyingi zishikwazo kuwa kawaida. Mwaka 2023 watafiti, miongoni mwao Profesa Patricia Kingori wa Oxford mwenye asili ya Kenya, walichapisha jaribio katika jarida la Lancet Global Health. Mtambo wa Midjourney uliagizwa kuchora madaktari Waafrika weusi wakiwatibu watoto weupe wenye shida. Katika picha zaidi ya 300, watoto walitoka weusi karibu zote, na mara nyingine daktari ndiye aliyetoka mweupe. Hapana aliyeuamuru mtambo uwadharau Waafrika. Ulirudisha yale uliyolishwa, nayo yalikuwa mazoea ya miaka mingi ya kumpiga picha Mwafrika akiwa mgonjwa na mgeni akiwa mganga. Hapa msomaji aone hatari iliyofichika: picha mfano wa kamera yaweza kuwa na ngozi, jasho na kivuli visivyo na kosa, na bado ikasema uongo juu ya taifa zima.

Iko pia haki ya wale ambao kazi zao zilifundishia mitambo. Januari 2023 wachoraji wa Marekani waliwashtaki wenye Stable Diffusion na Midjourney. Kampuni ya Getty Images iliwashtaki wenye Stable Diffusion mjini London. Hukumu ya Novemba 2025 ilikataa sehemu kubwa ya madai yake, lakini swali la kama ilikuwa halali kuufundisha mtambo kwa picha hizo halikuamuliwa huko, maana dai hilo lilikuwa limekwisha kuondolewa. Sheria bado yatafuta njia. Adabu haina haja ya kuingoja. Kumwagiza mtambo uige mtindo wa mchoraji aliye hai, kisha kuuza uigo ule, ni kuvuna shamba ambalo mwenyewe angali analilima.

Basi mwanafunzi achague vipi? Ikiwa atengeneza jalada la hadithi, tangazo la mchezo wa kuigiza, au picha ya shairi lake, na achague mtambo wenye mapambo, aukemee unapozidi, na achoshwe na jawabu la kwanza kama mwandishi achoshwavyo na sentensi ya kwanza. Ikiwa ataka mambo mengi yakae mahali pake, na achague ulio mtiifu. Ikiwa ana kompyuta na subira, na achukue ule uliotolewa wazi, aufundishe michoro ya mkono wake mwenyewe. Ikiwa kazi itauzwa, na atazame kwanza mtambo ulifundishwa kwa mali ya nani. Katika yote hayo na aandike chini ya picha, kwa herufi zisomekazo, kwamba imechorwa kwa akili unde.

Lakini ikiwa gazeti la shule lataka kueleza mto uliofurika, ukuta ulioanguka, au mwalimu mzee aliyestaafu, hapo hakuna mtambo ulio bora, kwa sababu hakuna unaofaa. Picha ya simu yenye ukungu, iliyopigwa na mtoto aliyesimama matopeni, ina kitu ambacho mitambo yote haiwezi kukichora: mtu aliyekuwapo, awezaye kuulizwa, naye akajibu.